Mwalimu Aliyeapa Kuutafuna Mkeka

“Mtoto halii bure! Nileteeni mtoto yeyote, awe wa Wambaa, awe wa Makoongwe, akilia darasani kwangu nitakuambieni analia nini kabla ya kengele ya mapumziko. Nikishindwa, mkeka huu mnaouona nitautafuna mbele yenu, ukili mmoja baada ya mwengine!”

Hayo aliyasema Mwalimu Mwatima siku ya kufunguliwa darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, katika skuli moja ya msingi upande wa Mkoani, mbele ya wazee, sheha, na afisa mmoja wa elimu aliyekuja na chupa yake ya maji kama anayekwenda jangwani. Kipaza sauti kilikuwa kimeazimwa kwa watu wa harusi na tangu asubuhi kilikuwa kikikatakata. Hotuba ya sheha kilimeza nusu. Ya afisa kilimeza yote, na hakuna aliyelalamika. Lakini sentensi ile ya Mwatima, kwa bahati yake mbaya, ilitoka nzima, ikasikika mpaka kwenye duka la mafuta ya taa.

Mkeka wenyewe ulistahiki kuapiwa. Ulikuwa wa ukindu, mpana, wa kukaliwa na watoto wote wa darasa bila kugombana, una mistari ya zambarau na kijani. Darasa lilikuwa ghala ya majembe zamani, madawati halikupewa, na mkeka ndio ukawa dawati, kitanda na uwanja wa mpira. Aliutoa mkwewe, Bi Mwanawema wa Msuka, mwanamke ambaye ukimsifia mkeka wake hasemi ahsante. Husema, “Najua.”

Mwatima hakuanza jana kujiamini. Alizaliwa Wambaa, mtoto wa mvuvi, na tangu udogoni alikuwa na maradhi ya kwa nini. Siku moja babake alimtuma akapae samaki wa chakula cha mchana. Alirudi baada ya muda mrefu, mikono imemjaa magamba mpaka viwikoni, samaki wamesagika hawatambulikani, na juu ya jiwe kuna safu ya matumbo aliyoyapasua moja moja.

“Baba, njoo uone! Pono anakula mawe!”

“Vizuri,” babake akamjibu. “Leo na wewe utakula hayo hayo.”

Akalala na njaa, lakini akalala anajua. Kwa Mwatima hiyo ilikuwa biashara ya haki.

Alisoma, akawa mwalimu wa darasa la pili, akaolewa na Masoud, karani wa mizigo bandarini Mkoani, mtu mpole wa kuuomba radhi mlango akiupiga kikumbo. Wakapata mtoto wa kiume, Usama. Usama akafika miaka mitatu hajasema neno. Alikuwa akikaa jikoni anauzungusha mfuniko wa sufuria sakafuni, anautazama mpaka utulie, kisha anauzungusha tena, na ukimchukulia mfuniko dunia yote ilijua. Watu wakasema atasema tu, babake naye alichelewa. Kwa hilo walisema kweli, maana Masoud mpaka leo hajasema vya kutosha.

Daktari mmoja aliyekuja kutoka Unguja alimtazama mtoto, akacheza naye chini, akauliza maswali mengi, halafu akalitaja neno: usonji. Mwatima alirudi nalo nyumbani kama alivyorudi na wale pono. Akalipasua. Akasoma kila alichokipata, akaomba apelekwe mafunzo, akakaa Unguja muda wa kutosha kuwachosha wakufunzi wake kwa maswali, na akarudi Pemba na cheti, na maneno mapya, na kiburi cha kukalia.

Kiburi kile, tuseme haki, kilikuwa na miguu. Palikuwa na mtoto Tamima, anavushwa kwa mashua kutoka Makoongwe kuja skuli, kila Jumatatu analia kama anachomwa. Wazee wake walishasema bahari imemwingia. Mwatima akamtazama, akamnusa, akaenda Makoongwe mwenyewe akakaa jikoni kwao. Kumbe mama alikuwa akizifua sare Jumamosi kwa sabuni ya unga ya harufu kali, na harufu ile ndiyo iliyokuwa ikimkaba mtoto mpaka Jumanne. Ikarejeshwa sabuni ya mche, bahari ikatoka siku hiyo hiyo. Habari ikaenea. Basi mtu aliyemponya mtoto wa Makoongwe kwa pua yake, kwa nini asiape kwa mkeka?

Usama alipofika miaka sita, Mwatima akamwingiza darasani kwake. Alikuwa na maneno mawili wakati huo. La kwanza “boflo,” lililokuwa na maana ya mkate na ya kila kitu kizuri duniani. La pili “bado,” lenye maana ya sitaki, siendi, ondoeni. Alikaa vizuri kuliko mamake alivyotarajia. Alijichagulia mahali pake, ukingoni mwa mkeka karibu na ukuta, akakunja magoti, akawa anafanya mambo yake ya vidole huku wenzake wanapanga vifuniko vya chupa kwa rangi. Jumatatu salama. Jumanne salama. Jumatano salama, na Mwatima akaanza kutembea kwa madaha.

Alhamisi Usama alifika mlangoni, akavua viatu, akaenda mahali pake, akakaa. Hakukaa hata muda wa kunywa maji. Akainuka, akakaa tena, akaziba masikio, akatoa ukelele uliowatoa popo darini. “Bado! Bado! Bado!” Akatimka nje mpaka kwenye mfereji wa maji, na huko akanyamaza.

Mwatima akasema ni njaa. Ijumaa mtoto akakaa salama. Wiki ya pili, Alhamisi, ukelele ule ule. Mwatima akasema ni mashine ya kusaga unga iliyo nyuma ya skuli. Mashine iliharibika, ikakaa kimya wiki nzima, na Alhamisi Usama akalia kama kawaida, tena safari hii akasikika vizuri zaidi.

Skuli ile haina ukuta. Ngazi yake inaazimwa kwa kuangulia nazi, ndoo zake zinakwenda harusini, na habari zake nazo zinatoka hivyo hivyo. Mtaa mzima ukajua kwamba mwalimu anayejua watoto wa watu wanalia nini, wa kwake hamjui.

Mlinzi wa skuli, Mzee Mjaka, ambaye pia ndiye mfagiaji na ndiye anayetandika na kukunja vyombo vya darasa, alikuwa akimngojea kwenye geti lisilo na uzio.

“Sabalkheri, Mwalimu.”

“Sabalkheri, Mzee Mjaka.”

“Nikutilie ndimu, au unautafuna mkavu?”

“Mzee Mjaka, usinianze.”

“Mie nakuhurumia tu. Ukindu mgumu ule. Ukiroweka tangu usiku, labda.”

Mwatima akacheka, kwa kuwa hakuwa na jengine la kufanya. Lakini ndani maradhi yake ya zamani yalishaamka. Kwa nini Alhamisi? Mtoto hajui siku. Hasomi kalenda. Ukimwambia kesho, anakutazama bega. Ni nini kinachokuja Alhamisi na kuondoka Ijumaa, kikubwa kwake hivyo, na mtu mzima mwenye macho mawili na cheti hakioni?

Wakati huo ndipo Bi Mwanawema alipokuja kuwatembelea kutoka Msuka, kichwani ana furushi la ukindu, mkononi ana kapu la ndizi mkono wa tembo, na Usama akamwendea moja kwa moja akajilaza kwenye paja lake. Kwa bibi yake alikuwa mtoto mwengine. Bibi alikuwa hamsemeshi sana. Alikuwa akisuka, naye akiziangalia kili zikirefuka, na wote wawili wameridhika.

Alhamisi Bi Mwanawema alifuatana nao skuli, akaona kwa macho yake. Na akaona jengine. Asubuhi ile Mzee Mjaka alikuwa akipita madarasani na chetezo cha ubani, kama afanyavyo kila Alhamisi, ili kuondoa harufu ya popo na, kama alivyoongeza kwa sauti ndogo, ya wengineo.

“Mkaza mwana,” alisema Bi Mwanawema, wamesimama mferejini, Usama ameshatulia anachezea maji. “Huyu mtoto hupandisha siku gani?”

“Hapandishi, mama. Analia.”

“Haya, hulia siku gani?”

“Alhamisi.”

“Na ubani hufukizwa siku gani?”

Akajibu Mzee Mjaka, ambaye hakuulizwa. “Alhamisi.”

“Basi yameisha. Ubani hukimbiwa na nani?”

“Na mbu,” alisema Mwatima.

“Lete mzaha. Mtoto ana jini, tena jini mkaidi, kwa maana anakaa siku zote kimya akingoja ubani. Msuka yuko fundi, anapunga watu wazima wakatulia, sembuse hiki kijukuu changu. Nitakwenda naye, atapungwa, atakaa kwangu.”

“Na skuli?”

“Skuli ndiko anakolia!”

Nyumbani usiku ule Mwatima alimkalisha mumewe. Alimweleza kwamba mtoto asiyestahimili mashine ya unga atafunikwa shuka kichwani, apigiwe ngoma masikioni, na watu wamshike mikono. Akimaliza hayo hataingia tena darasa lolote, la mamake wala la mtu mwengine. Masoud alisikiliza, akaona kila neno ni kweli, kisha akaona na ya mamake pia yana kweli yake.

“Mama ni mama,” alisema. “Na wewe ni mwalimu.”

“Na wewe ni nani?”

“Mie…” Masoud akafikiri. “Mie nauliza kama ipo chai.”

Asubuhi Bi Mwanawema akakata shauri mwenyewe. “Narudi Msuka, nina mikeka ya watu. Alhamisi ya mwisho ya mwezi nitakuja. Ukiwa umejua mtoto analia nini, tena unionyeshe nikione, si kwa maneno yenu ya Unguja, atabaki. Hujajua, nakwenda naye. Masoud?”

“Sawa,” alisema Masoud. Tangu azaliwe hajapata kujibu upesi hivyo.

Hapo tena hapakuwa na suala la heshima wala la kutafuna kitu. Mwatima alianza na ubani. Jumanne magharibi alikoka chetezo katikati ya ukumbi wa nyumba yake, akatia ubani mwingi mpaka jirani akauliza kama kuna maiti. Usama akaja. Akakiinamia chetezo, akaufuata moshi kwa kidole ukipanda, akaupoteza, akaufuata mwengine, uso umemkunjuka kama siku ya Idi.

“Boflo,” alisema.

Mwatima akamwita Masoud. “Njoo usikie. Jini gani huyu, ubani anauita boflo?”

Alhamisi iliyofuata alikificha chetezo cha Mzee Mjaka kabatini, akafunga, ufunguo akautia kifuani. Darasa likanuka popo. Usama akaingia, akakaa, akainuka, akapiga ukelele. Mwatima alifurahi mno mwanawe alivyolia, akapiga na makofi, mpaka mwalimu wa darasa la jirani, Bi Asma, akachungulia na kumtazama vibaya.

“Si ubani!” Mwatima alimwambia. “Hakuna ubani na analia!”

“Hongera,” alisema Bi Asma, na akafunga mlango.

Ubani umetoka hatiani, lakini nani aingie? Mwatima alimtuhumu kila mmoja. Aliutuhumu mtandio wake wa Alhamisi, akavaa wa Jumatatu. Aliituhumu chai, akaibadilisha. Aliutuhumu wimbo wa asubuhi, na siku hiyo hakuimba, watoto wakaimba wenyewe kwa sauti mbaya zaidi. Alimtuhumu Tamima kwa kukaa karibu naye. Alimhamisha Usama akamkalisha dirishani, naye mtoto akarudi ukutani mwenyewe na kulia huko huko. Mara moja aliandika ubaoni “Leo ni Jumatatu,” huenda ikasaidia. Usama hakuutazama ubao. Waliochanganyikiwa ni wenzake wawili, na mmoja mpaka jioni alikataa kwenda nyumbani kwa kuwa Jumatatu babake huchelewa kuja kumchukua.

Ikafika Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

Bi Mwanawema alifika mapema, na begi dogo jipya lenye picha ya gari, la kutilia nguo za mjukuu wake. Kulinunua begi kulimpendeza Mwatima kuliko alivyotaka. Bibi yule hakuwa akifanya uadui. Alikuwa akimpenda mtoto kwa njia anayoijua.

Usama akaingia darasani. Akakaa. Akainuka.

“Bado! Bado!”

Akatoka mbio kwenda mferejini, bibi yake nyuma, begi mkononi. Kengele ya mapumziko ikapigwa, lile rimu la gari linaloning’inia likalia mtaa mzima ukasikia, na watoto wote wakatoka. Gari ya kaskazini inaondoka kabla ya adhuhuri. Mwatima akabaki peke yake darasani na jambo moja analolijua: mtoto akitoka nje hunyamaza. Basi kitu kimo humu.

Alikwisha kulitazama darasa lile amesimama. Alikwisha kulitazama amekaa kwenye kiti. Katika mafunzo Unguja walikuwa wameambiwa, mtazame mtoto ukiwa kwenye kimo chake, naye akaliandika hilo, akalipigia mstari, akaja nalo Pemba akalikalia juu ya kiti. Akavua viatu. Akaenda ukingoni mwa mkeka, mahali pa Usama, akakaa. Akakunja magoti kama yeye. Hakuona kitu. Akajilaza kwa ubavu, shavu chini, akatazama ukuta, akatazama dari, akanusa. Popo tu.

Dirishani akasikia, “Lahaula! Na mwalimu tena!”

“Mzee Mjaka, sijapandisha. Niache.”

“Mie nakuacha, lakini wazee wawili wako mferejini wanakutazama.”

“Waambie natafuta sindano.”

Akafumba macho ajikumbushe Usama siku za Jumatatu, mwili wake wote, kutoka kichwani kushuka. Kichwa kimeinama. Mdomo wazi kidogo. Mkono wa kulia uko magotini. Wa kushoto… wa kushoto uko chini, kidole gumba kinakwenda na kurudi kwenye mshono wa mkeka, kinakwenda na kurudi, tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Alikuwa akimwona kila siku. Alikuwa akikiona kidole kile kama mtu anavyoiona pua yake.

Akauteremsha mkono wake wa kushoto, akapitisha kidole gumba. Mshono ulikuwa laini, umelala. Hapakuwa na kitu cha kushika. Akapitisha tena. Kisha akafumbua macho na kuzitazama zile rangi kwa karibu kabisa, pua inagusa. Zambarau, kijani. Lakini zambarau hii ilikuwa imepauka.

“Mzee Mjaka!”

“Naam.”

“Mkeka huu umetoka wapi?”

“Ukumbini kwa jirani yetu, Bi Asya.”

Mwatima akakaa kitako. “Kwa Bi Asya unafanya nini?”

“Si huu wake? Wetu si uko kwake?” Mzee Mjaka alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza jina lake mwenyewe. “Kila Jumatano alasiri Bi Asya ana darsa ya wanawake. Ustadhati anayewasomesha anatoka Chake, ni mgeni, hawezi kuwekwa kwenye mkeka uliochakaa. Huchukua wetu, akatuachia wake tusikae chini. Alhamisi huufuta, akauanika, jioni akaurejesha. Mtu muungwana.”

“Nani aliyempa ruhusa?”

“Wewe.”

“Mie?”

“Mwezi ule wa mwanzo. Unakimbilia gari, Bi Asya anakuuliza, ukamwambia, ‘Chukua tu Bi Asya, na siku nyengine usiniulize, mkeka ni mkeka.’ Mie niko hapa, nimeshika fagio.”

Mwatima alilikumbuka. Alilikumbuka mpaka na mkono alioupunga. Kwani ni Mpemba gani anayemnyima jirani mkeka? Angeombwa kanga aliyoivaa angefikiri, lakini mkeka hauna mwenyewe. Unazaliwa kwenye nyumba moja na kuzeekea kwenye nyumba saba, umelaza wagonjwa wa watu na kukalisha maharusi wa watu, na anayeuliza umekwenda wapi ndiye mwenye roho mbaya. Hata siku moja haikumpitia kwamba yuko mtu, tena mtu mdogo, ambaye mkeka kwake si mkeka tu. Yuko mmoja aliyeupenda huu na hautaki ule.

Hapo Bi Mwanawema akaingia kuaga, amemshika Usama mkono. Usama akagoma mlangoni. Bibi akamwachia, akajitupa chini kupumzisha miguu, na kabla hajafika vizuri akauweka mkono sakafuni, akasita, akaupapasa mkeka kushoto na kulia, uso ukambadilika.

“Takataka gani hii?”

“Mama…”

“Nani kaishona hii? Kili zinacheza kama meno ya mzee! Mkeka wangu uko wapi?”

“Mama,” alisema Mwatima polepole, “wewe umekaa mara ngapi mpaka ukajua kwamba huu si wako?”

“Mara moja! Mie ni kipofu?”

“Na ungelazimishwa kukaa juu yake mpaka adhuhuri?”

“Ningelia!” alisema Bi Mwanawema, na mdomo ukabaki wazi hapo hapo, maana neno lilikwishatoka na Mzee Mjaka yuko dirishani.

Mwatima hakucheka. Alitamani, lakini ushahidi ulikuwa haujatimia, na yeye alitaka kujua zaidi ya alivyotaka kushinda. Akamtuma Mzee Mjaka mbio kwa Bi Asya. Aliyerudi ni Bi Asya mwenyewe, mkeka kichwani, pumzi juu.

“Mkeka wenyewe nimeufuta, nimeuanika, haujapata jua la kutosha. Mnaudai kama deni la duka! Kama mmechoka kuniazima si mseme?”

“Bi Asya, nisamehe, nitakuja nyumbani nikueleze. Tuutandike kwanza.”

Wakautoa wa Bi Asya, wakautandika wa Bi Mwanawema mahali pake, ukingo kwenye ukuta. Watu wazima wanne wakarudi nyuma kama wanaongoja chungu kipasuke. Usama alikuwa mlangoni anautazama mlango. Akaingia mguu mmoja. Akanusa. Akaenda ukutani, akakaa, akakunja magoti. Mkono wa kushoto ukashuka chini, kidole gumba kikatafuta, kikapata.

“Boflo,” alisema.

Hakuna aliyesema neno. Na katika kimya kile Mwatima akasikia kitu ambacho hajapata kukisikia darasani kwake, kwa sababu darasa halijapata kunyamaza hivyo. Trrr. Kidogo sana, kama panzi ndani ya kibiriti. Trrr. Akapiga magoti, akaweka sikio. Kidole cha mtoto kilikuwa kikikwaruza mshono kwa ukucha, na mshono ulikuwa ukiimba. Akaungoja mkono uhame, akaugusa. Mshono huo mmoja haukuwa kama myengine. Ulikuwa na kitu kigumu kinachoteleza. Akakivuta kidogo kwa kucha. Kikang’aa.

Mtoto wa mvuvi wa Wambaa hahitaji cheti kukijua kitu kile.

“Mama,” alisema. “Huu si mshipi?”

Bi Mwanawema akajifanya anatafuta begi.

“Mshipi wa kuvulia. Wa nailoni. Mama, si unasema mikeka yako ni ukindu mtupu, tangu ncha mpaka ncha?”

“Subhana’llah,” alisema Bi Asya, aliyesahau kwamba amekasirika. “Na ustadhati tumemsifia kweli!”

“Ukindu uliniishia,” alisema Bi Mwanawema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo Msuka hawajapata kuisikia. “Mvua ya wiki nzima, nani atakwenda kuukata? Ukabaki mshono mmoja. Nikauweka pembeni, ukutani, usionekane. Nani angejua?”

Wote wakamtazama aliyejua. Yeye hakuwatazama. Alikuwa ana kazi. Trrr.

Gari ya kaskazini ilipita ikapiga honi, na Bi Mwanawema akaitazama ikienda. Begi lenye picha ya gari alimpa Usama hivyo hivyo. Usama akalikataa, kwa kuwa zipu yake ilikuwa na sauti mbaya.

“Likizo atakuja kwangu,” bibi alisema. “Kukaa tu. Hapungwi.”

“Likizo atakuja,” alisema Mwatima.

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalinyooka. Usama angali analia mashine ikianza ghafla, naye na jogoo wa Bi Asma wana ugomvi usio na suluhu. Maneno yake yamekuwa matatu. Bi Asya naye alinuna kwa muda wa kutosha, kwa kuwa kunyimwa mkeka si jambo dogo, na Mwatima alilazimika kwenda darsani Jumatano, akae mbele ya wanawake wote, aeleze kwa nini skuli inatoa ngazi na ndoo lakini mkeka haitoi. Alitumia neno usonji mara moja. Mara zote zilizobaki alitumia neno kidole.

Na mkutano wa wazee ulipofika, kabla ya ajenda, Mzee Mjaka akamletea kwenye kisahani uzi mmoja wa ukindu na nusu ndimu. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwatima akasimama, akakamua ndimu, akautia mdomoni, akautafuna mpaka machozi yakamtoka.

“Mtoto halii bure,” alisema, anatema nyuzi. “Hilo silirudishi. La kengele ndilo nililolizidisha.”

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kawaida. Mkeka unahitaji kuoshwa, na ukioshwa lazima uwepo wa pili wa namna hiyo hiyo. Na Bi Asya lazima awe na wa kumkalisha ustadhati, mtaa upate kulala. Mwatima akampigia simu mkwewe, akamwamkia, akamuulizia mikarafuu, magoti na mbuzi, halafu akaagiza mikeka miwili.

“Mkaza mwana ningemfanyia bure,” alijibu Bi Mwanawema. “Lakini anayeagiza ni mwalimu, na mwalimu ana mshahara.”

“Mama!”

“Unataka ya namna gani?”

“Mmoja wa kawaida. Mmoja uwe na ule mshono.”

Bei haijabadilika tangu siku ile. Mkeka wa Bi Mwanawema wa ukindu mtupu ni shilingi elfu hamsini. Wenye mshono wa mshipi ni elfu hamsini na tano.